Elimu ya Moto kwa Mhunzi wa Makali

Mtu apitaye Gerezani mjini Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, husikia mlio wa nyundo kabla hajamwona mpigaji, na aghalabu hudhani kwamba uhunzi ni nguvu za mkono. Ilhali mafundi wenyewe wanajua kwamba nyundo hutoa umbo tu, na kwamba jambo la kumrudisha mnunuzi, au kumfukuza asionekane tena, hutendeka baada ya nyundo kuwekwa chini, katika muda mfupi baina ya moto na mafuta.

Kwanza ni kuchagua chuma. Nondo ya kujengea nyumba hufulika kwa wepesi na hung'aa ikinolewa, lakini kaboni yake ni haba mno, na hata ikitumbukizwa majini mara ngapi haishiki makali. Mwenye kununua kisu cha namna hiyo hana budi kukinoa kila uchao. Fundi mwaminifu hutafuta springi kuukuu ya lori, ambayo katika kila sehemu 1,000 aghalabu ina sehemu 5 au 6 za kaboni. Akiwa na shaka, hukigusisha kipande kwenye jiwe la kunolea lizungukalo akazitazama cheche: za nondo hutoka ndefu na nyoofu, na za pua, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha, hupasuka vijitawi vingi kabla ya kuzimika.

Kisha ni moto. Chembe za chuma zimejipanga kwa safu, na chuma safi kikifikia joto la nyuzi 912 za sentigredi safu hizo hujipanga upya, zikawa na nafasi ya kuipokea kaboni kwa wingi ambao mpangilio wa awali hauwezi kuustahimili. Katika pua, kwa sababu ya kaboni iliyomo, mageuzi hayo huanza kwenye nyuzi 727 hivi. Kwenye nyuzi 770 chuma hakivutwi tena na sumaku, na wapo mafundi wanaoitumia sumaku kama kipimo, kisha wakaongeza moto kidogo. Lakini walio wengi hutegemea macho, na ndiyo sababu hupenda kuifanya kazi hii kivulini, maana katika jua la mchana wekundu wa chuma hufifia, na fundi, akidhani hakijaiva, hukipitiliza.

Kikishaiva hutumbukizwa. Kaboni, iliyokuwa imeenea ndani yake, haipati wasaa wa kujitenga. Hunaswa mahali ilipo, ikazikaza safu zote, na hali hiyo ya ugumu wataalamu huiita martensiti, kwa jina la Adolf Martens, Mjerumani aliyefariki mwaka 1914. Fauka ya hayo, chuma kilichogeuka hivyo huvimba kidogo, na ikiwa upande mmoja umepoa kabla ya mwenziwe, ubapa hupinda au hupasuka kwa mlio mwembamba ambao kila mhunzi anauchukia. Maji hupoza kwa haraka mno kwa springi nyingi; ndiyo maana ndoo ya oili chafu haikosekani karakanani.

Hata hivyo kisu kilichotoka mafutani si kisu bado, kwani ni kikavu kama kigae na kikianguka sakafuni huweza kuvunjika. Husuguliwa mpaka kikang'aa, kikapashwa moto wa polepole, na hapo rangi hupita juu yake: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, hudhurungi kwenye 255, zambarau kwenye 280, buluu kwenye 300. Rangi hizo ni utando mwembamba wa kutu ya moto, ambao kadiri unavyozidi unene ndivyo nuru inavyoakisiwa namna nyingine. Kisu cha mchinjaji huachwa kwenye manjano. Shoka, linalopigwa kwa kishindo, husogezwa hadi zambarau.

Ustadi huu ni wa kale kwetu. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia huko Sisilia mwaka 1154, aliitaja biashara ya chuma ya pwani yetu ya Afrika Mashariki na wafanyabiashara waliokipeleka Bara Hindi. Na Wahaya wa Kagera, ambao wazee wao katika miaka ya 1970 waliwajengea watafiti tanuri kama la wahenga, waliyeyusha mtapo kwa mivukuto na kewa za udongo, wakijaza shimo kwa majani ya kinamasi yaliyochomwa.

Leo panga la kiwandani ni rahisi, na mhunzi anayeshindana nalo kwa bei atakufa njaa. Riziki yake, kwa maoni yangu, imo katika vitu ambavyo kiwanda hakisumbuki navyo: kotama ya mgema iliyopindwa kwa kuufuata mkono wake, tezo ya fundi wa majahazi, jino la mbuzi ya kukunia nazi. Wala asidhani kwamba kigumu zaidi ndicho bora. Panga la shambani hufanywa laini kwa makusudi, kwa kuwa mkulima hulinoa kwa tupa akiwa amesimama ukingoni mwa shamba, na tupa huteleza juu ya chuma kigumu mno bila kukila. Basi mhunzi ajuaye kazi, kabla hajawasha makaa, humuuliza mteja atakinoa chombo chake kwa kitu gani.