Kiungo Hiki Kimetoka Wapi?

Ujumbe unaingia kwenye simu: «Msaada kwa waliokimbia vita. Jiandikisheni hapa.» Chini yake kuna kiungo. Kabla ya kuutuma katika kikundi cha kwaya au cha akina mama, tafuta kwanza ni nani wengine wamekisambaza, na tangu lini. Mtu aliyepoteza nyumba asije akapoteza na pesa kidogo zilizo kwenye simu yake.

Usikifungue. Kibonyeze kwa muda, kisha ukinakili. Mkia unaoanza na alama ya kuuliza na neno fbclid umeongezwa na Facebook, ukate. Kiungo kikianza na bit.ly, ongeza alama ya + mwishoni, nawe utaonyeshwa kinakoelekea kabla ya kufika huko.

Sasa tafuta. Kwenye X, andika url: na jina la tovuti bila kuacha nafasi, kisha chagua ujumbe wa karibuni. Kwenye Facebook, bandika anwani katika sehemu ya kutafutia, uchague machapisho. Kwenye Google, weka anwani kati ya alama za kunukuu, uongeze site:facebook.com.

Angalia tarehe, aliyetangulia kukiweka, na maneno yake. Ukiona akaunti nyingi zimeandika maneno yaleyale siku moja, jihadhari. Kusambazwa na wengi hakufanyi jambo kuwa kweli.

Lakini hutaona yote. Ujumbe wa WhatsApp husomwa na mtumaji na wapokeaji tu. Hakuna utafutaji unaoufikia. Facebook nayo huonyesha yaliyo wazi kwa wote na yale ambayo wenyewe wamekuruhusu kuyaona. Zamani waandishi wa habari walitumia CrowdTangle, chombo cha Meta kilichoonyesha kurasa za wazi zilizosambaza kiungo fulani. Kilifungwa Agosti 2024. Kwa hiyo, kutoona kitu si uthibitisho kwamba kiungo ni salama.

Hatua ya mwisho ni kuuliza. Shirika lililotajwa lina ukurasa wake au ofisi yake. Kama halijui habari hiyo, ujumbe uishie kwako. Na kama ulikwisha kuutuma, usiufute kimya kimya. Rudi katika kikundi kilekile, useme: «Nilikosea, msijaze jina wala namba yenu pale.»