Pawa saplai inapolia: sikiliza kabla hujanunua nyingine

Asubuhi za Juni na Julai jijini Mbeya ni baridi kweli kweli, na kwenye maduka ya steshenari ya Soweto ndizo asubuhi ambazo kompyuta za mezani hulalamika zaidi. Mwenye duka anabonyeza swichi, CPU inakoroma khrrr kwa dakika moja au mbili, kisha inatulia na kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi inaanza. Wengi huupuuza mkoromo huo mpaka kompyuta inazimika kabisa. Wengine husikia mluzi mwembamba usio na madhara yoyote, wakakimbilia kununua pawa saplai mpya. Wote wanapoteza fedha kwa sababu ileile: hawajajifunza kuitofautisha milio.

Pawa saplai ni lile boksi la bati ndani ya CPU ambalo waya wa ukutani huchomekwa. Linapokea umeme wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde, linaugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofikia takribani volti 325, halafu linaukatakata makumi ya maelfu ya mara kila sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Upande wa pili zinatoka volti 12, 5 na 3.3 ambazo kompyuta inazitumia. Ukatakataji huo huwa juu ya mizunguko 20,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana boksi zima halitakiwi kusikika isipokuwa feni yake.

Tuanze na feni hiyo, kwa kuwa ndiyo yenye kosa mara nyingi. Mkoromo wa asubuhi ya baridi unatokana na mafuta ya beringi yaliyokauka au kuganda: feni inakwaruza hadi ipate joto. Vumbi la kiangazi linalotimka barabarani kati ya Juni na Oktoba linaharakisha uchakavu huo, tena linaziba njia ya hewa. Feni ikishindwa kuzunguka, vipuri vilivyo ndani vinapikika, na kapasita huvimba kichwa na kufa kabla ya wakati wake. Fundi akiwekewa feni mezani ataibadilisha bila shida. Kumbadilishia mteja boksi zima kwa sababu ya feni tu si ufundi.

Mluzi mwembamba ni habari nyingine. Koili na transfoma zimetengenezwa kwa waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku, na mkondo unapopanda na kushuka, waya na kiini hutikisika kidogo sana. Kompyuta ikiwa na kazi chache, pawa saplai nyingi huacha kukata umeme mfululizo na kuukata kwa vipindi, na vipindi hivyo ndivyo vinavyoshuka hadi sikio likavisikia. Ndiyo sababu mluzi hubadilika unapovuta ukurasa juu na chini, na ndiyo sababu baadhi ya kompyuta hulia usiku hata zikiwa zimezimwa: mradi waya uko ukutani, kuna sehemu ya volti 5 inayobaki macho ikisubiri ubonyeze swichi. Mluzi wa namna hii unaudhi, lakini hauunguzi kitu.

Kabla ya kuilaumu pawa saplai, hakikisha sauti inatoka kwake. Chukua karatasi ya A4, ikunje iwe bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe nje ya CPU. Diski kuu, feni ya prosesa na kadi ya picha nazo hulia, na bomba hilo linaonyesha mlio ulipo kwa uhakika wa kushangaza.

Mvumo mzito, vuuu, unaelekeza zaidi kwenye umeme wenyewe. Umeme wa mizunguko 50 huvuta chuma mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mvumo wake ni wa mitikisiko 100 kwa sekunde. Sasa fikiria laini moja inayolisha steshenari, mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti. Kila anapogusisha fimbo ya kuchomelea, umeme unakuwa mdogo. Pawa saplai inayolishwa volti 170 badala ya 230 inavuta mkondo zaidi kwa takribani asilimia 35 ili itoe nguvu ileile, na koili zake zinavuma zaidi. Ukisikia mvumo unapanda na kushuka pamoja na cheche za jirani, au stabilaiza inagonga tak, tak mchana kutwa, usinunue kipuri. Mwite fundi apime volti saa za kazi, kisha peleka taarifa TANESCO. Vivyo hivyo, kompyuta ikianza kuvuma mara tu UPS inapoingia kazini, hiyo ni kawaida ya UPS za bei nafuu, ambazo umeme wake hupanda na kushuka kwa ngazi badala ya wimbi laini.

Mlio wa tik, tik, tik huku kompyuta ikikataa kuwaka maana yake pawa saplai inajaribu kuanza, inakuta shoti mbele yake, inajizima, inajaribu tena. Hapo inajilinda. Chomoa fleshi na vifaa vyote vya USB kwanza, uangalie kama kuna soketi iliyopinda.

Halafu kuna kutatarika: tsss, ta-ta-ta, pengine na harufu ya kuungua au ya samaki walioharibika. Hizo ni cheche. Zinaweza kutoka kwenye lehemu iliyopasuka, kapasita inayovuja, au vumbi lililolowana likawa njia ya umeme. Zima ukutani, chomoa plagi, usiwashe tena ili kuhakikisha. Wala usilifungue boksi hilo mwenyewe: kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaua. Kwa boksi lililowahi kutatarika, ushauri wangu ni kulitupa, hata kama fundi anasema linatengenezeka.

Unaponunua jingine, usidanganywe na maandishi makubwa ya wati 500. Soma ampea za volti 12. Ikiwa imeandikwa ampea 16, zidisha: hapo kuna wati 192 tu kwenye njia inayobeba mzigo mkubwa wa kompyuta ya leo. Lishike pia mkononi. Boksi jepesi mno mara nyingi limepunjwa koili za kuchuja umeme na bati za kupoozea.

Jambo la mwisho halina mlio, nalo linanisumbua kuliko yote. Wengi hutumia kalamu kufungua tundu la juu la soketi ili waingize plagi ya miguu miwili. Kompyuta inawaka, lakini bati lake halina ethi, na vichujio vya pawa saplai vinaliacha na takribani nusu ya volti za ukutani. Ndiyo ile michomo midogo vidoleni unapogusa CPU. Radi ya msimu wa mvua ikipiga, umeme wake hauna njia ya kushuka ardhini. Basi kabla mvua za Novemba hazijaanza, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya duka lako, na radi zikianza kunguruma chomoa plagi yenyewe, usiishie kuzima swichi.