SOKO LA AFYA: Kwa nini shilingi 82 kwa siku ni ghali Kilimanjaro

Shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Hiyo ndiyo bei iliyowekwa mikoani, ukiacha Dar es Salaam, wakati Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulipofanyiwa maboresho kati ya mwaka 2018 na 2019. Ukiigawa kwa siku unapata shilingi 82, fedha ambayo haitoshi kikombe cha chai soko la Mbuyuni. Hata hivyo kaya nyingi hazikujiunga, na zilizojiunga si chache zilizoacha kadi ziishe muda bila kulipia tena.

Mfanyabiashara akiona bidhaa ya bei hiyo inadoda husema wateja hawana fedha, au hawana elimu. Yote mawili yana ukweli wake. Lakini hayaelezi ni kwa nini mzee wa Kibosho au Marangu aliyekataa kutoa 30,000 mwezi Aprili atauza ng'ombe mwezi Juni ili mgonjwa wake atoke hospitali. Jibu lina thamani kibiashara, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na sehemu ngumu ya soko hilo ni watu wasio na mshahara.

Tawi la elimu linaloshughulikia mambo haya huitwa uchumi wa tabia, na mmoja wa waasisi wake, Mmarekani Richard Thaler, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Hoja yake ya msingi wenye maduka wanaijua bila kwenda chuo. Binadamu hapimi shilingi zote kwa mizani moja. Ya leo ni nzito kuliko ya mwakani, ya ada haiguswi kwa ajili ya dawa, na jambo linalohitaji safari tatu huahirishwa hata kama lina faida.

Chukua mwajiriwa na mkulima. Mwalimu wa serikali hukatwa mchango wa bima kabla hajauona mshahara, hivyo hana cha kuamua. Mkulima wa kihamba anatakiwa aamue upya kila mwaka, atafute fedha taslimu, amtafute mwandikishaji, kisha alipie ugonjwa ambao bado haujabisha hodi. Tofauti yao si akili wala kipato pekee. Mmoja ameshaamuliwa.

Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki yanatoa takwimu za kutazamwa kwa makini. Mkoani Shinyanga, watu wazima 530 walioanza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata huduma ya kawaida, la pili shilingi 10,000 kwa mwezi na la tatu shilingi 22,500, kwa sharti la kuhudhuria kliniki, kwa muda usiozidi miezi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliofanikiwa kufubaza virusi baada ya miezi sita walikuwa asilimia 73 katika kundi lisilolipwa, asilimia 83 katika lile la 10,000, na asilimia 86 katika lile la 22,500.

Hesabu ya haraka, ikichukuliwa kwamba kila mtu alipokea malipo yote sita: kwa wagonjwa 100, malipo madogo yanagharimu shilingi milioni 6 na kuongeza wagonjwa kumi hivi wenye afya nzuri, yaani kama laki sita kwa kila mmoja. Kupanda hadi malipo makubwa kunaongeza gharama ya milioni 7.5 na kuleta wagonjwa watatu tu zaidi, ambao ni milioni mbili na nusu kila mmoja. Faida kubwa imo katika kile kidogo cha kwanza, pengine kwa sababu kilifuta nauli na siku ya kibarua iliyopotea.

Lakini asije mtu akadhani kidogo hutosha kila mahali. Katika utafiti mwingine, uliofanyika eneo la Ifakara mwaka 2009 na 2010, vijana waliahidiwa fedha kila baada ya miezi minne endapo vipimo vingeonyesha hawana magonjwa ya zinaa. Kwa waliopewa 10,000 hakukuwa na mabadiliko ya kueleweka. Kwa waliopewa 20,000 maambukizo yalipungua kwa kama robo baada ya mwaka mmoja. Kuhudhuria kliniki ni jambo la asubuhi moja. Kubadili mwenendo wa miezi minne ni biashara nyingine, na bei yake ni nyingine.

Kwa wenye vikoba na SACCOS, jaribio la Kenya Magharibi lililochapishwa mwaka 2013 lina mafunzo zaidi. Wanachama wa vyama vya upatu walipewa njia tofauti za kuweka akiba ya afya. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli pamoja na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku lile lile, ufunguo ukabaki kwa msimamizi. Waliobaki na ufunguo wao waliongeza matumizi ya kinga, kama vyandarua, kwa theluthi mbili au zaidi katika mwaka mmoja. Walionyimwa ufunguo hawakuongeza kitu cha maana, kwani waliogopa kufungia fedha ambayo dharura ingeihitaji. Kundi lililoweka mchango wa pili wa afya ndani ya upatu liliongeza zaidi ya mara mbili. Macho ya wenzako ni kufuli imara kuliko chuma.

Mjini Moshi kwenyewe watafiti waliwauliza wakazi wangependa kupima VVU katika mazingira gani. Umbali na usiri vilikuwa na uzito mkubwa. Siku ya kupima na namna ya kutoa damu navyo vilihesabiwa. Walipowatazama wahudumu wa baa na wapagazi wa mlimani, waliona makundi hayo hayapendelei mambo yale yale. Huduma yenyewe ni ya bure, lakini kila mteja ana gharama yake isiyoandikwa kwenye risiti.

Tukirudi kwenye bima, kalenda ya Kilimanjaro inajulikana. Kahawa huchumwa kuanzia Julai hadi Desemba. Desemba watu hurudi nyumbani na fedha huzunguka, Januari ada za shule huzimaliza, na masika huikuta mifuko mitupu. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliingia katika biashara hii mwaka 2011 kwa mpango wa bima ya wakulima wa kahawa, kikishirikiana na PharmAccess ya Uholanzi, na sehemu ya gharama ikibebwa na wafadhili. Njia ya ushirika ina mantiki: mkulima hufikiwa mahali anapouzia kahawa, na kujiunga kwa kikundi huzuia hali ya wagonjwa peke yao kukimbilia bima, ambayo huua mfuko wowote.

Tahadhari ipo. Mkulima wa kahawa amechoshwa na neno makato. Mchango ukikatwa kimya kimya kwenye malipo yake, hata kwa nia njema, atauhesabu kuwa wizi na msimu unaofuata kahawa itauzwa kwingine. Njia salama ni fomu inayomuuliza siku ya malipo kama anakubali, ikiwa na nafasi ya kukataa iliyo wazi.

Anayefikiria kuweka mtaji katika uwakala wa bima, zahanati binafsi au duka la dawa maeneo haya aanze kwa kuuliza mambo mawili: michango inakusanywa mwezi gani, na mwanachama akifika dirishani anapata dawa au anaandikiwa akanunue nje. Aliyeandikiwa akanunue nje mara moja hasahau, na halipii tena hata bei ikishuka.