Jiwe Lililo Hai Sebuleni

Msomaji mpenzi, kama umezaliwa pwani, matumbawe umeyakanyaga tangu utoto, na labda yamekukata mguu. Kama wewe ni mtu wa bara, huenda umeyaona katika kuta za nyumba za kale za Bagamoyo au Kilwa. Wengi wetu twayahesabu kuwa mawe, basi. Leo nataka kukusimulia habari za mtu anayefuga tumbawe nyumbani mwake kama wewe ufugavyo kuku, tena mbali sana na bahari.

Miaka michache iliyopita parokia yetu ilituma watu wanne kuitembelea parokia rafiki huko Ujerumani. Mimi karani nilikuwa mmoja wao. Nilipewa malazi kwa mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, na mkewe. Jioni ya kwanza nilikuta sebuleni tangi la kioo lenye maji lita 400, na juu yake taa kali. Ndani mlikuwa na vichaka vya rangi ya zambarau, kijani na waridi, vyenye matawi kama miti midogo iliyopukutika majani.

Nikauliza, "Mzee, maua haya huyapanda vipi ndani ya maji?"

Akacheka. "Bwana Karani, hayo si maua. Ni wanyama, na asili yao ni bahari za joto kama ile ya kwenu."

Nikaona haya. Mimi niliyekulia Mikindani nafundishwa habari za bahari na mtu wa nchi ya theluji!

MNYAMA, SI JIWE

Sikiliza basi alivyonieleza. Tumbawe ni jamii ya vinyama vingi vidogo vinavyokaa bega kwa bega. Katika aina hii yenye matawi, iitwayo Akropora, kila kinyama ni kidogo kama punje ya ulezi. Kina kinywa kimoja tu, na vimikono vyembamba kukizunguka. Chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari hukitosha kujijengea nyumba ngumu, na nyumba hiyo ndiyo sisi tuiitayo jiwe.

Tena ndani ya mwili wake laini hukaa vimwani vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vimwani hivyo hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga, kama yafanyavyo majani ya mhindi shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye huvipa makazi, na taka zake huwa mbolea yao. Rangi ya kahawia hutokana na vimwani. Zambarau, kijani na waridi mnyama hujitengenezea mwenyewe.

KAZI YA KILA SIKU

Usidhani kazi hiyo ni rahisi. Zamani watu wa Ulaya walijaribu, na matumbawe yakafa. Mwaka 1961 Bwana Lee Chin Eng wa Jakarta, nchini Indonesia, alieleza namna ya kutumia mawe ya baharini yenye vijidudu hai ili yasafishe maji. Baadaye wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, waliiendeleza njia hiyo.

Mzee wangu alianza kwa kuweka mawe na maji ya chumvi peke yake, akangoja majuma mengi kabla ya kutia tumbawe la kwanza. Kila lita moja yataka chumvi gramu 35 hivi. Joto lisitoke nyuzi 24 hadi 26. Pampu husukuma maji usiku na mchana, maana tumbawe hili hupenda mkondo. Kila asubuhi huongeza maji matamu kufidia yaliyokauka. Mchemsha chumvi yeyote wa pwani ajua kwamba maji hupaa, chumvi hubaki. Kila juma hubadili sehemu moja ya kumi ya maji. Tena hupima chokaa, kwa kuwa tumbawe likikua huimaliza, na yeye huirudisha kidogo kidogo.

"Kosa kubwa ni haraka," aliniambia. "Hata jambo jema, ukilitenda kwa ghafula, humwua."

SIKU KUMI ZA HASARA

Kiangazi kimoja wazee hawa walisafiri kwa siku kumi. Chombo cha kupoza maji kikaharibika, na maji yakafika nyuzi 31. Waliporudi walikuta matumbawe meupe kama mifupa. Joto likizidi, urafiki ule huvunjika: vimwani hutoka mwilini, rangi hupotea, na mnyama hukaa na njaa. Tumbawe jeupe bado halijafa, na joto likishuka mapema laweza kupona. Lakini yale yalikuwa yamechelewa. Kazi ya miaka saba iliharibika yote.

Mkewe akamkumbusha jambo. Tumbawe lenye matawi laweza kukatwa kipande urefu wa kidole, kikabandikwa juu ya jiwe kwa gundi, nacho kikakua. Miaka ya nyuma mzee alikuwa amewagawia majirani vipande hivyo bure. Akaenda kubisha hodi kwa mmoja wao. Kumbe kidole kile kilikuwa kimekuwa kichaka! Jirani akakata tawi, akamrudishia. Vichaka vyote nilivyoviona sebuleni vilitokana na tawi hilo.

"Lile nililolificha kwangu lilikufa," alisema mzee. "Lile nililolitoa ndilo nililo nalo."

MATANURI YA KWETU

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilimkumbuka baba mdogo, mchoma chokaa. Nilipokuwa mtoto nilimwona akienda na mtaimbo maji yakipwa, akivunja matumbawe na kujaza mtumbwi. Kisha hupanga magogo, hupanga matumbawe juu yake, na kutia moto. Simlaumu. Chokaa ile ilinisomesha, na hakuna aliyemwambia kwamba alichokibeba kilikuwa hai. Lakini nakumbuka pia wavuvi wakinung'unika kwamba changu na tasi wamepungua. Samaki wa mwambani watakaa wapi, ikiwa nyumba yao imechomwa?

Na sasa bahari yenyewe inapata joto. Nyuzi moja tu juu ya kawaida ya msimu wa joto, ikidumu majuma kadhaa, yatosha kuyafanya meupe. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa hivyo, na mwaka 2016 yakapigwa tena. Miamba ya matumbawe haifiki hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari, walakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea. Na bahari haina jirani wa kuirudishia tawi, isipokuwa sisi.

Jambo hilo lawezekana. Katika kisiwa cha Wasini, kusini mwa Mombasa, wanakijiji hukuza vipande vya matumbawe na kuvipanda tena baharini, kwa ustadi uleule wa mzee wangu.

Msomaji, sikushauri ununue tangi la kioo. Umeme wake peke yake ungekufilisi. Wala usikubali kumng'olea mgeni tumbawe kwa fedha: tangu 1990 biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi yataka kibali maalum. Lakini ukiwa mvuvi, tia nanga penye mchanga. Ukiwa mjenzi, tumia mawe mengine. Ukiwa mzazi, siku maji yakipwa, mpeleke mwanao mwambani, mwonyeshe, umwambie: "Usikanyage hapa, mwanangu. Hili jiwe li hai."

Nilipomweleza baba mdogo habari hizi, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Laiti ningalijua." Mtaimbo wake sasa twachimbia mashimo ya migomba.