Hitilafu Namba 54

Mwezi Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mgonjwa wa saratani alikuwa amelazwa chini ya mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 wakati tiba ilipokatika ghafla na skrini kuandika: hitilafu namba 54. Skrini iyo hiyo ilidai kwamba mgonjwa amepokea vipimo 6 tu kati ya 202. Mwendeshaji, aliyekwisha kuzoea vituko vya mashine hiyo, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa aliyepaswa kupata Gy 1.8 alikadiriwa baadaye kuwa amepata kati ya Gy 165 na 250. Alifariki miezi mitano baadaye.

Namba 54 ilimaanisha nini? Kitabu cha maelekezo hakikueleza. Maelezo ya watengenezaji yalipopatikana, yalisema kwamba kipimo kimekuwa kikubwa mno au kidogo mno. Hakuna daktari ambaye angepokea majibu ya maabara yaliyoandikwa hivyo, bila jina la kipimo wala kizio.

Mwezi uliofuata hitilafu ile ile ikamdhuru mgonjwa mwingine hapo hapo, naye akafa. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa kituo na mwendeshaji walipokaa wakirudia kuandika maagizo hadi wakaizalisha wenyewe: mwendeshaji akiandika eksirei kimakosa, kisha akasahihisha kuwa elektroni ndani ya sekunde nane, sehemu moja ya programu haikutambua badiliko hilo. Aina na nguvu ya mwale vilihifadhiwa katika kigezo kimoja cha baiti mbili. Baiti ya juu ilitumika kupanga mwale, ya chini kuzungusha sahani inayoukinga. Mwale ukabaki wa eksirei, sahani ikakaa mahali pa elektroni.

Laiti hali hiyo ya ndani ingaliandikwa kwa maneno, kila kipengele kwa jina lake na thamani yake (mwale: eksirei, sahani: elektroni), hata mtu asiyejua programu angaliona kwamba haviendani. Hiyo ndiyo kazi ambayo watengenezaji wa programu huifanya wanaposaka hitilafu: kuichapa kumbukumbu ya kompyuta katika sura inayosomeka. Skrini ya Tyler ilionyesha alichoandika mwendeshaji, si kile ambacho mashine ilikuwa imejipanga kukifanya.

Januari 1987, mjini Yakima, jimbo la Washington, kosa lilikuwa jingine. Kigezo kimoja kiliongezwa moja kila mara programu ilipopita katika maandalizi. Kisipokuwa sifuri, mahali pa sahani hukaguliwa. Lakini kilikuwa cha baiti moja, nayo haivuki 255. Katika mzunguko wa 256 kilirejea sifuri, na ukaguzi ukarukwa. Mgonjwa huyo naye alifariki. Orodha ya thamani zake, mzunguko kwa mzunguko, ingalionyesha 254, 255, kisha 0.

Marekebisho yalikuwa mepesi: badala ya kuongezwa moja, kigezo kikapewa thamani moja isiyobadilika, isiyo sifuri.