Mashine Inapojibu kwa Niaba ya Kitabu: Kiswahili Katika Ushindani wa Injini za Utafutaji

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kuandika kurasa mbili kuhusu riwaya ya Rosa Mistika. Katika kazi tulizosahihisha, tatu zilidai kwamba riwaya hiyo iliandikwa na Shaaban Robert. Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kujua kwamba mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi na kwamba ilichapishwa mwaka 1971, wakati Shaaban Robert alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1962. Tulipowauliza wenzetu hao walisoma wapi, walijibu, "Mwalimu, tuliuliza simu." Jibu walilopewa lilikuwa la Kiswahili sanifu, lisilo na kosa hata moja la sarufi. Hatari iko hapo hapo: kosa lililovaa nguo safi halitiliwi shaka.

Makala hii inaeleza jinsi utafutaji wa habari kwenye intaneti unavyobadilika, nani wanaushindania, na jambo hilo linatuhusu vipi sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Bujumbura.

Utafutaji wa jana na wa leo

Injini ya utafutaji kama Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilifanya kazi tatu: kukusanya kurasa za tovuti, kuziwekea faharasa, na kuzipanga kwa umuhimu. Mtafutaji aliandika maneno, akapewa orodha ya kurasa, akachagua na kusoma mwenyewe.

Kwa muda mrefu utaratibu huo haukukitendea haki Kiswahili. Injini ililinganisha maumbo ya maneno, na lugha yetu hujenga maneno kwa viambishi. "Alisoma", "wasiposoma", "tuliosomeshwa" na "masomo" yana mzizi mmoja, lakini kwa mashine isiyojua mofolojia hayo ni maneno manne yasiyo na udugu. Aliyetafuta "kitabu" angeweza kuikosa kurasa yenye "vitabu".

Injini za leo zinaongeza akili mnemba. Programu inatafuta kurasa kwanza, kisha inatunga jibu moja kutokana na ilichopata na kutokana na matini nyingi ilizofunzwa. Inafanya hivyo kwa kukadiria kipande cha neno kinachofaa kufuata kingine. Kwa kuwa imejifunza uhusiano wa maana, unaweza kuiuliza kwa sentensi kamili kama unavyomuuliza mwenzako. Lakini pale ambapo matini ni chache, ukadiriaji huo unageuka kubahatisha, na lugha inabaki fasaha vile vile.

Nani wanashindana?

Kwa miaka mingi Google ilishika takriban asilimia 90 ya utafutaji wote duniani. Mwezi Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT. Februari 2023 Microsoft ikaingiza teknolojia hiyo katika injini yake ya Bing. Google ikajibu kwa Bard, ambayo mwaka 2024 iliitwa Gemini, na mwaka huo huo ikaanza kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya orodha ya kurasa. Perplexity nayo imo uwanjani, na Januari 2025 DeepSeek ya China ikawashtua wengi.

Ushindani huu umefika pia mahakamani. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Ilidhihirika kwamba mwaka 2022 pekee iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 ili iwe injini ya kwanza kwenye vifaa vyake. Septemba 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha iuze kivinjari chake cha Chrome, lakini aliizuia kufunga mikataba ya kuwatenga wengine, na akaiamuru iwape washindani baadhi ya data zake.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu wengi wetu hatuchagui injini. Tunatumia ile tuliyoikuta kwenye simu.

Lugha zetu katika mashindano hayo

Kiswahili kiliingizwa katika programu ya tafsiri ya Google mwaka 2009. Kinyarwanda kilifuata mwaka 2020, na Kirundi mwaka 2024, pamoja na lugha nyingine zaidi ya mia moja. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, makampuni hutafuta kwanza wateja wenye fedha na watangazaji wa biashara, na lugha yenye wasemaji wengi lakini soko dogo husubiri zamu yake. Aidha, programu hizi hukata maneno katika vipande, na kwa kawaida sentensi ya Kiswahili hutoa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile. Pale malipo yanapohesabiwa kwa vipande, swali la Kiswahili huwa ghali zaidi.

Kuna tatizo jingine. Msomaji akipata jibu juu kabisa, hana haja ya kufungua tovuti iliyotoa habari. Mwandishi wa kurasa za Kiswahili akikosa wasomaji ataacha kuandika, na mashine itakosa cha kusoma.

Tulifanya jaribio dogo darasani. Tuliuliza programu tatu: "Kiswahili kilifikaje Burundi?" Zote zilieleza kwa urefu Pwani na Unguja. Misafara ya wafanyabiashara wa Ujiji, utawala wa Wajerumani uliotumia Kiswahili, na mitaa kama Buyenzi, ambako lugha hii inasemwa nyumbani, havikupata hata aya moja kamili. Hatukushangaa. Mengi kuhusu Kiswahili cha Burundi yameandikwa kwa Kifaransa, au yamo katika tasnifu za karatasi zilizopangwa kabatini. Mashine haisomi kabati letu.

Hata istilahi zetu zinatugawa. Huyu anaandika "akili bandia", yule "akili mnemba", mwingine "akili unde". Huku kompyuta, kule tarakilishi, kwingine ngamizi. Maarifa machache tuliyo nayo tunayatawanya katika majina matatu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi kuuliza swali la pili: "Jibu hili limetoka wapi?" Tangu mwaka 2019 mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega, na Bujumbura imebaki mji wa kiuchumi, lakini kurasa za zamani bado zinasema Bujumbura. Orodha ya kurasa ilimwezesha msomaji kulinganisha tarehe. Jibu moja linaweza kumficha tofauti hiyo.

Pili, tulifanye kosa la mashine kuwa zoezi. Mwanafunzi apewe jibu la programu, alihakiki kwa kitabu, na aandike masahihisho yake.

Tatu, tuandike. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003 na iko wazi kwa kila mtu. Tasnifu bora, kwa idhini ya waandishi wake, zinaweza kuwekwa mtandaoni. Watafiti wa mtandao wa Masakhane wameonyesha kwamba Waafrika wanaweza kuzijengea lugha zao nyenzo za kompyuta bila kusubiri makampuni.

Hitimisho

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yeyote atakayeshinda katika mashindano haya, atajibu kwa kile kilichoandikwa. Tusipoandika sisi kuhusu Kiswahili chetu, litatungwa jibu bila sisi, tena kwa ufasaha.

Wale wanafunzi watatu tuliwarudishia kazi zao. Waliazima nakala moja ya Rosa Mistika maktabani, wakaisoma kwa zamu. Kazi walizoleta mara ya pili zilikuwa na makosa kadhaa ya tahajia, lakini zilitokana na kitabu chenyewe.