Akropora: Umbo Kwanza, Rangi Baadaye

Akropora ni jenasi ya matumbawe yenye spishi zaidi ya 100. Ni miongoni mwa wajenzi wakuu wa miamba ya matumbawe katika bahari za joto, na hupatikana pia Malindi na Watamu, ambako hifadhi za bahari zilitangazwa mwaka 1968, za mwanzo kabisa nchini Kenya. Kinachomvutia mtazamaji kwanza ni rangi zake: kijani, samawati, zambarau, waridi. Lakini rangi si kitambulisho. Spishi ileile huweza kuwa zambarau penye jua na hudhurungi penye kivuli.

Kitambulisho kimo kwenye ncha ya tawi. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja akikaa ndani ya kikombe cha chokaa alichojijengea. Kwa akropora, polipi mmoja hukaa nchani kabisa, katika kikombe cha mviringo kinachoonekana wazi, na ndiye anayelirefusha tawi. Wengine huchipuka ubavuni. Posilopora, jenasi nyingine ya matumbawe, nayo ina matawi, ila haina kikombe hicho. Matawi yake yamejaa vinundu.

Jenasi ikishajulikana, hutazamwa umbo. Akropora ya kina kifupi, panapopiga mawimbi, aghalabu huwa na matawi mafupi na manene. Ile ya kina kirefu huwa na matawi membamba, mengi yakitanda kuelekea pembeni ili yapate mwanga hafifu unaofika huko.

Rangi ina vyanzo viwili. Hudhurungi ni ya vimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wa polipi na kumlisha chakula vinachokitengeneza kwa mwanga. Rangi kali hutokana na protini za polipi mwenyewe. Vimwani vikizidi, hudhurungi hufunika rangi nyingine. Vikitoweka, tumbawe hubaki jeupe.

Anayefuga akropora ya kina katika tangi la kioo nyumbani hufuata kanuni hiyohiyo ya mwanga na vimwani. Baharini mwanga mwekundu hufifia katika mita za mwanzo na wa samawati ndio unaozama mbali, hivyo taa huwekwa kwenye samawati, ikianzia chini na kuongezwa taratibu kwa majuma kadhaa. Maji huhitaji joto la nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, na mkondo usiotulia. Virutubishi vya naitreti na fosfeti vikizidi, vimwani hustawi na tumbawe huwa hudhurungi. Vikikosekana kabisa, tumbawe hufifia na kudhoofika. Kalsiamu ya kujengea chokaa isipandepande wala kushukashuka. Ncha iliyopauka kidogo kwa kawaida ni dalili ya kukua, ila weupe unaopanda kutoka shinani ni nyama inayobambuka, na tawi hilo hukatwa upesi juu ya sehemu iliyoathirika.

Kwenye bahari ya wazi hakuna wa kurekebisha taa wala joto. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji yalipata joto kupita kawaida na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Akropora iliumia zaidi. Matumbawe ya mabonge kama poritesi yalistahimili vizuri zaidi. Malindi ina mzigo wa ziada: mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta tope linalopunguza mwanga na kutua juu ya matumbawe.

Kwa sababu hiyo, kipande cha kufugwa kitoke kwenye shamba la matumbawe, kwa vibali halali. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuvunja tumbawe au kuliondoa. Anayezuru Malindi au Watamu asikanyage matumbawe wala kutia nanga juu yake, kwani tawi linalovunjwa kwa hatua moja huchukua miaka kurudi.